Ule Uwanja Ni wa Nani?

Ndugu msomaji, utokapo Misa siku ya Jumapili, kabla hujafika nyumbani kwako, yawezekana wapita kando ya uwanja. Si shamba, maana hakuna aliyepanda mtama wala karanga. Si kiwanja cha nyumba, maana hakuna aliyejenga. Ni mahali patupu tu, penye magoli mawili ya miti na vumbi lililotimuliwa na miguu ya watoto. Hapo vijana wacheza mpira, hapo mkutano wa kijiji waketi, na hapo mbuzi wapita wakienda malishoni. Ukimwuliza mtoto, "Uwanja huu ni wa nani?" atakushangaa. Atasema, "Ni wetu." Ukimwuliza mzee, atasema vivyo hivyo.

Vema. Sasa nami nakuuliza wewe uliye Kibakwe, au Mpwapwa, au Kongwa, au po pote huku kwetu: hilo neno "wetu" limeandikwa wapi?

Usikasirike. Sikuulizi kwa kukutega. Nakuuliza kwa sababu nataka kukueleza habari za watu wengine waliodhani kwamba mahali pao pa wazi ni pao, mpaka siku moja wakaona mabati yamezungushwa.

Kwanza twende mbali kidogo. Uko mchezo uitwao gofu. Wengi wetu huku vijijini hatujauona kwa macho. Mchezaji hushika fimbo ya chuma, hupiga kijipira kigumu kidogo kama limau, akitaka kiingie katika tundu lililo mbali sana. Uwanja kamili una matundu 18, nao hula ekari mia na zaidi za majani mabichi yaliyokatwa vizuri. Kiwanja cha mpira wa miguu hakifiki hata ekari mbili. Hesabu mwenyewe! Na katika viwanja vingi watu wanaoruhusiwa kukanyaga majani yale ni wanachama wa klabu tu, pamoja na vijana wachache wanaowabebea mikoba ya fimbo.

Katika miaka hii, huko Marekani, Australia na Uingereza, viwanja vingi vya gofu vimefungwa. Wachezaji walikuwa wamepungua, na gharama ya kumwagilia na kukata majani ni kubwa. Kiwanja kikifungwa, kunazuka ugomvi. Wenye fedha husema, "Tujenge nyumba na maduka." Wakazi wa jirani husema, "La, tufungulieni lango, tupate mahali pa kutembea na watoto wetu." Katika mji wa Lyndhurst, jimbo la Ohio huko Marekani, klabu iitwayo Acacia ilikuwa na ekari 155 hivi. Mwaka 2012 shirika moja la kuhifadhi ardhi lilinunua kiwanja kile kwa dola milioni 14.75, kisha likakitoa bure kwa idara ya bustani za umma, kwa masharti kwamba kibaki bustani. Leo miti na mito midogo imerudishwa pale palipokuwa pa gofu, na mtu ye yote aingia bila kuulizwa jina. Katika jiji la Melbourne, Australia, kiwanja cha gofu cha Elsternwick kilifungwa mwaka 2018, na baada ya mashauri marefu na wakazi halmashauri ikaamua pawe mahali pa miti ya asili, ndege na matembezi.

Waona basi, wenzetu wale walilazimika kununua kwa mamilioni ya dola kile ambacho wewe unacho bure nyuma ya shule. Lakini neno hilo nitalirudia baadaye. Kwanza twende Nairobi, maana habari ya Nairobi ndiyo inayotuhusu zaidi.

BUSTANI YA UHURU

Katikati ya mji wa Nairobi, kando ya barabara kuu, ipo bustani iitwayo Uhuru Park. Ukubwa wake ni karibu hekta 13, yaani ekari kama 32. Ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwezi wa Mei mwaka 1969. Ina ziwa dogo lililochimbwa na watu, lenye mashua za kukodi, na ina mteremko wa majani ambapo maelfu waweza kuketi wakatazama jukwaa lililo chini.

Ili uelewe thamani ya bustani ile, yafaa ujue jinsi maskini wa mjini aishivyo. Wewe huku una uwanja mbele ya nyumba, una kivuli cha mbuyu, una kilima cha kupanda ukitaka kupunga upepo. Mfanyakazi wa Nairobi anakaa na mkewe na watoto wanne katika chumba kimoja. Mlango wake ukifunguliwa unagonga mlango wa jirani. Siku ya Jumapili mtu huyo huwavalisha watoto nguo safi, akawapeleka Uhuru Park. Hapo hakuna kiingilio. Watoto wakimbia, mama aketi juu ya majani, na mpiga picha apita akitafuta wateja.

Wakatoliki wanayo sababu nyingine ya kuikumbuka. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha Misa pale mwezi wa Mei mwaka 1980. Akarudi tena mwezi wa Agosti mwaka 1985, wakati wa Kongamano la Ekaristi la Kimataifa, na mara ya tatu mwezi wa Septemba mwaka 1995. Umati ule ungekaa wapi kama pasingekuwa na mahali pa wazi?

Basi, mwaka 1989 likaja jambo. Chama tawala cha Kenya wakati ule, KANU, kilikuwa na gazeti lake, Kenya Times, kwa ubia na tajiri mmoja wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Wakubwa hao walikusudia kujenga jumba refu la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Lingekuwa refu kupita majumba yote ya Afrika. Ndani yake kungekuwa na ofisi, kumbi, maduka, na mahali pa kuweka magari 2,000. Mbele yake ingesimamishwa sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama ilitajwa kuwa dola milioni 200 hivi, na sehemu kubwa ya fedha hizo ingekopwa kutoka ng'ambo. Nani angelipa mkopo ule? Bila shaka ni mwananchi, pamoja na yule wa chumba kimoja ambaye angenyang'anywa majani yake.

Wengi walijua, wachache walinong'ona, na karibu wote walinyamaza. Siku zile kumpinga Rais si jambo la mchezo.

MAMA MMOJA NA KALAMU

Aliyekataa kunyamaza ni mwanamke, Profesa Wangari Maathai. Wengi wenu mmelisikia jina lake, maana mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Lakini mwaka 1989 hakuwa na tuzo hiyo. Alikuwa mama wa watoto watatu, ameachana na mumewe, tena hana kazi tena pale chuo kikuu alipokuwa amefundisha.

Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, karibu na Nyeri. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisomeshwa na Masista wa Konsolata katika shule ya Mtakatifu Sesilia, Mathari, na huko akabatizwa Mkatoliki akaitwa Maria Yosefina, akawa pia katika Lejio ya Maria. Kisha akaenda kwa Masista wa Loreto, Limuru. Mwaka 1960 alipata nafasi ya kwenda Marekani, akasoma elimu ya viumbe katika chuo cha Masista Wabenedikto mjini Atchison, jimbo la Kansas. Aliporudi akapata shahada ya udaktari huko Nairobi mwaka 1971. Mwaka 1977, tarehe 5 Juni, yeye na wenzake walipanda miche saba ya miti katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ukawa mwanzo wa chama cha Green Belt, ambacho kiliwafundisha akina mama wa vijijini kuotesha miche na kuipanda. Kila mche ulioshika vizuri, mama aliupata ujira kidogo. Akina mama hao wamepanda miti mamilioni.

Sasa tazama alichofanya Profesa aliposikia habari ya jumba lile. Hakukusanya vijana na mawe. Aliketi akaandika barua. Mapema mwezi wa Oktoba mwaka 1989 alimwandikia mkurugenzi wa Kenya Times, akiuliza kwa adabu: je, ni kweli kwamba mnakusudia kujenga katika bustani ya umma? Kisha akaandika kwa ofisi ya Rais, akaandika kwa wakuu wa jiji, kwa waziri wa mazingira, kwa mkuu wa mkoa, na kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyoko Nairobi. Akamwandikia hata balozi wa Uingereza, akimwuliza kama Waingereza wangekubali jumba kama lile lijengwe katika Hyde Park, bustani yao kuu ya London. Nakala akazipeleka magazetini.

Hakujibiwa. Lakini magazeti yalichapa, na watu wakaanza kusoma. Wananchi nao wakaanza kuandika barua zao kwa wahariri. Jambo lililokuwa la minong'ono likawa la mezani.

Hapo ndipo wakubwa walipokasirika. Mwezi wa Novemba wabunge waliacha shughuli zao wakatumia muda mrefu kumtukana. Walikiita chama chake kikundi cha wanawake walioachika. Serikali ikampa saa 24 ahame katika ofisi alizokuwa amepewa, naye akahamishia makaratasi yote nyumbani kwake. Rais mwenyewe alisema hadharani kwamba wanaopinga jumba lile wana wadudu vichwani, na kwamba mwanamke wa Kiafrika apaswa kuwaheshimu wanaume na kukaa kimya. Maneno hayo aliyasema siku ya sikukuu ya taifa.

(Mimi huwa najiuliza: kama angekuwa hajaachika, wangemjibu nini? Hoja ya bustani hakuna aliyeigusa.)

Alikwenda mahakamani. Tarehe 24 Novemba mwaka 1989 alifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Kenya, akaomba ujenzi usimamishwe. Tarehe 11 Desemba kesi ikatupwa. Hakimu hakusema kwamba jumba lile ni zuri, wala kwamba ni baya. Alisema kwamba Profesa hana haki ya kushtaki, kwa sababu yeye binafsi hakuonyesha hasara iliyompata peke yake. Kwa sheria ya wakati ule, mali ya umma aliweza kuitetea Mwanasheria Mkuu wa serikali tu. Yaani, kwa maneno mepesi: kwa kuwa bustani ni ya watu wote, hakuna mtu hata mmoja awezaye kuidai! Soma tena sentensi hiyo, msomaji, maana ndiyo mtego wenyewe.

Hivyo Profesa alishindwa bungeni, akashindwa ofisini, akashindwa mahakamani. Sherehe za kuanza ujenzi zilikwisha fanywa, na mabati yalikuwa yamezungushwa. Mtu wa busara angesema, "Yamekwisha, twendeni nyumbani."

Lakini zile barua zilikuwa bado zinasafiri. Wakopeshaji wa ng'ambo walisoma magazeti wakaanza kuuliza maswali. Nchi inayoomba msaada wa chakula na dawa, yawezaje kukopa dola milioni 200 kwa jumba na sanamu? Mwisho wa mwezi wa Januari mwaka 1990 serikali ilitangaza kwamba jumba litapunguzwa kimo. Baadaye hata hilo lililopunguzwa halikujengwa. Robert Maxwell akafa mwezi wa Novemba mwaka 1991. Na mwezi wa Februari mwaka 1992, bila tangazo kubwa, mabati yakang'olewa. Watoto wakarudi kwenye majani.

KILICHOFUATA PALE PALE

Mabati yalipokwisha tu kung'olewa, mwisho wa mwezi ule ule wa Februari 1992, akina mama wazee kutoka vijijini walikuja Nairobi. Watoto wao wa kiume walikuwa wamefungwa kwa sababu za siasa. Waliketi katika kona moja ya Uhuru Park, wakakataa kula, wakasema hawataondoka mpaka wana wao wafunguliwe. Profesa Maathai aliketi pamoja nao. Siku chache baadaye polisi walikuja na marungu na moshi wa machozi, na Profesa akapigwa hata akazimia. Akina mama wale wakakimbilia katika kanisa kuu la Waanglikana la Watakatifu Wote, lililo karibu na bustani, wakapewa hifadhi huko kwa muda wa mwaka mzima hivi. Mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote wakaachiliwa. Kona ile yaitwa hata leo Kona ya Uhuru.

Fikiri, kama jumba lingejengwa, akina mama wale wangeketi wapi? Mbele ya duka? Wangefukuzwa na bawabu kabla ya saa sita.

Baada ya hapo Profesa aliutetea na msitu wa Karura, ulio kaskazini mwa Nairobi, wenye hekta elfu moja na zaidi. Vipande vya msitu ule viligawiwa kwa siri kwa wajenzi binafsi. Tarehe 8 Januari mwaka 1999 yeye na wenzake walikwenda kupanda mti mmoja tu langoni, wakashambuliwa na watu wenye marungu, naye akapasuliwa kichwa. Inajulikana kwamba alipofika polisi alitia sahihi yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Leo Karura ni msitu wenye njia za kutembea, na familia za Nairobi huenda huko.

Lakini lipendezalo zaidi ni hili. Tarehe 27 Agosti mwaka 2010 Kenya ilipata Katiba mpya, na ilitangazwa pale pale Uhuru Park, mbele ya umati mkubwa. Ndani ya Katiba hiyo mna kifungu cha 70. Chasema kwamba mtu ye yote aweza kwenda mahakamani kutetea mazingira, wala halazimiki kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Lile jibu alilopewa Profesa mwaka 1989 likafutwa, tena likafutwa juu ya majani yale yale aliyoyatetea. Yeye alikuwa hai akaliona jambo hilo. Alifariki mwaka uliofuata, tarehe 25 Septemba 2011.

Wala usidhani kwamba bustani ikiokolewa mara moja imeokoka milele. Mwaka 2019 wajenzi wa barabara kuu ya juu walitaka kumega ukanda wa Uhuru Park. Watu wakapiga kelele tena, na serikali ikatangaza kwamba ramani imebadilishwa.

NA KWETU TANZANIA?

Kwetu nako wamo watu waliosimama. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikuwa wakitupiwa takataka za jiji zima. Moshi, nzi na harufu vilijaa majumbani mwao. Wakalishtaki jiji, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikaamuru kutupa kukome. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Takataka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Kumbe na huko kuna watu! Mwaka 1991 wakazi 795 wakaenda mahakamani pamoja, wakashinda. Baadaye, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imempa kila mtu nafasi ya kudai haki ya kuishi katika mazingira safi na salama. Hao wa Tabata na Kunduchi hawakuwa maprofesa. Walikuwa majirani.

Na Dar es Salaam ipo pia Mnazi Mmoja. Serikali ya kikoloni iliacha eneo lile wazi si kwa kuwapenda watu, bali kuwatenga: Waafrika upande mmoja, Wazungu na Wahindi upande mwingine. Mahali palipokusudiwa kuwa ukuta pamekuwa pa kupumzikia na kukutania watu wa namna zote.

Papa Fransisko naye aliligusa jambo hili mwaka 2015 katika barua yake iitwayo Laudato si'. Alionya kwamba mahali penye uzuri, mijini na hata vijijini, pafungwapo kwa ajili ya wachache, wengine huzuiwa kupafikia; na kwamba majani na miti hupatikana katika mitaa ya wenye raha, lakini si kule wakaako wale asiowahesabu mtu.

Basi turudi kwenye uwanja wako.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, yasema kwamba halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini. Mdhamini si mwenye mali. Ni kama yule mjomba aliyeachiwa ng'ombe za yatima: azichunga, azikamua kwa ajili yao, lakini hana ruhusa ya kuziuza apendavyo. Tena sheria hiyo hiyo yasema kwamba halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Na mkutano mkuu ni nani? Ni wewe, na mkeo, na shangazi yako, na kijana wako akiisha kutimiza miaka 18. Ni wakazi wote watu wazima wa kijiji.

Sheria yaigawa ardhi ya kijiji mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ardhi ya jumuiya, itumiwayo na wote: uwanja, malisho, kisima, msitu, makaburi. La pili ni ile inayokaliwa na watu binafsi na jamaa zao. La tatu ni ardhi ya akiba, ambayo yaweza kugawiwa baadaye. Sasa angalia kwa makini! Uwanja ambao haukuandikwa kuwa wa jumuiya, mtu aweza siku moja kusimama akasema kwamba ni akiba. Na akiba yagawanywa. Atakuja mgeni mwenye maneno matamu, atataka mahali pa kujenga ghala au mnara, ataahidi bati za shule, na watu kumi waliohudhuria mkutano siku ya mvua watainua mikono. Asubuhi ya pili, magoli yameng'olewa.

Ndiyo maana sheria imeweka daftari. Halmashauri yapendekeza kwa mkutano mkuu kwamba sehemu fulani iwe ardhi ya jumuiya. Mkutano mkuu wakubali au wakataa. Ikikubaliwa, yaandikwa katika daftari la ardhi ya jumuiya ya kijiji. Hakuna mamilioni ya dola. Hakuna safari ya Mahakama Kuu. Yahitajiwa mstari mmoja wa wino, unaotaja mipaka: kutoka mwembe ule mpaka korongo lile, kutoka njia ya shule mpaka ukuta wa zahanati.

Watu wa Ohio walinunua. Mama Maathai alipigwa. Wewe waombwa kuhudhuria mkutano tu, na kwa kawaida mkutano mkuu hupaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Najua utasema, "Mikutano yenyewe haiitishwi," au, "Tukienda tunasomewa michango tu." Hayo ni kweli mahali pengi, nami sitaki kukudanganya. Lakini mwenyekiti asiyeulizwa swali hana haja ya kutafuta jibu. Muulizeni mkiwa watano, si mmoja, na ulizeni kwa adabu, kama Profesa alivyouliza katika barua yake ya kwanza. Tena ulizeni kwa maandishi, mbaki na nakala.

Akina mama, nawaomba hasa ninyi. Mara nyingi uwanja wajadiliwa kana kwamba ni mambo ya wapiga mpira. Lakini ni nani anayejua mahali watoto wanapocheza saa za jioni, mama akiwa anasonga ugali? Ni nani anayepita pale na ndoo? Wale mama wa Uhuru Park hawakuwa wacheza mpira.

Na jambo moja la mwisho, dogo. Mahali pasipotunzwa huonekana kama mahali pasipo na mwenyewe. Wajenzi wa mjini hupenda sana uwanja wenye takataka na michongoma, maana husema, "Patupu tu hapa, hapana faida." Pandeni miti ya kivuli kando kando, isiyozuia mpira: mikwaju, miarobaini, hata mibuyu ikiwa mna subira ya wajukuu. Kwa ukame wetu huku kati ya nchi, mche wahitaji kumwagiwa maji miaka miwili ya kwanza, na boma la miiba kuuzuia mbuzi. Gawieni kila darasa la shule mti mmoja na jina lake. Mtoto wa darasa la kwanza aliyeubebea mti wake maji kwa kopo atakuwa na miaka 18 siku moja, ataingia mkutanoni, na hapo mgeni mwenye maneno matamu atapata taabu kidogo.

Mkutano ujao wa kijiji chako ni lini? Kama hujui, kesho ukienda kusaga unga pita kwa mtendaji, umwulize tarehe. Na ukiwa hapo hapo, mwombe akuonyeshe lile daftari.